Dawa ile ile, mioyo tofauti: seli za watu 45 mbele ya doksorubisini

Doksorubisini ina wekundu unaouona tangu ikiwa kwenye bomba la sindano, na saa chache baadaye wekundu huo hutoka na mkojo. Wauguzi wa wodi za saratani humwambia mgonjwa mapema, asije akadhani anakojoa damu. Hofu hiyo hupita baada ya siku moja au mbili. Iliyo nzito zaidi inahusu moyo, na hiyo inaweza kumfuata mtu miaka mingi baada ya saratani yenyewe kupona.

Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1974, na mpaka leo ni nguzo ya matibabu ya saratani ya matiti, limfoma, sarkoma na saratani kadhaa za watoto. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo, mara nyingi ikiandamana na siklofosfamidi, dawa nyingine ya saratani: miligramu 60 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, mara nne, jumla 240. Jumla hiyo huandikwa kwenye faili kwa sababu madhara yake kwa moyo hujilimbikiza. Mwaka 2003 Sandra Swain na wenzake walikusanya takwimu za wagonjwa 630 kutoka majaribio matatu ya tiba. Walikadiria kwamba moyo hushindwa kufanya kazi kwa asilimia 5 ya wagonjwa dozi ikifika miligramu 400 kwa mita mraba, asilimia 26 ikifika 550, na asilimia 48 ikifika 700. Ndiyo sababu madaktari huweka kikomo.

Lakini zitazame takwimu hizo kutoka upande wa pili. Kwa dozi ya 700, ambayo hakuna daktari angependa kuifikia, zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakupata tatizo hilo. Na kwa 400, dozi inayohesabiwa kuwa na usalama fulani, mmoja kati ya ishirini aliumia. Umri, shinikizo la damu, mionzi ya kifuani na dawa nyingine za saratani kama trastuzumab vinaeleza sehemu ya tofauti hiyo, na sehemu kubwa hubaki bila maelezo. Wagonjwa wawili wanaolingana umri, uzito na dozi wanaweza kutoka hospitalini na mioyo miwili tofauti kabisa. Kisa ninachokichambua hapa ni utafiti uliojaribu kuitafuta sababu ndani ya jeni, na naona ni mfano mzuri wa namna uchambuzi wa udhihirisho wa jeni, yaani kupima jeni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani, unavyoweza kutumika vizuri na pia unavyoweza kusomwa vibaya.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018 katika jarida la eLife na David Knowles pamoja na wenzake, wakiwemo Yoav Gilad wa Chuo Kikuu cha Chicago na Jonathan Pritchard wa Stanford.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa upatikanaji wa seli. Huwezi kumwomba mgonjwa wa saratani akupe kipande cha moyo kabla ya dozi, kisha kingine baada ya dozi. Njia ilifunguliwa na Shinya Yamanaka, aliyeonyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya mtu mzima inaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina. Kutoka hapo unaweza kuielekeza iwe seli ya aina nyingine, hata seli ya misuli ya moyo. Seli hizo hudunda ndani ya sahani ya maabara, na ukiweka sahani chini ya darubini unaziona zikijikunja na kujinyoosha kwa mapigo. DNA yake ni ile ile ya mwenye seli. Kwa hiyo moyo wake, au angalau tabaka moja la seli zake, unaweza kupewa sumu bila yeye kuguswa.

Watu 45 waliotoa seli walitoka katika jamii ya Hutterite, wakulima wa Kikristo wa Marekani wanaoishi kwa ushirika mashambani. Wazee wao walihamia kutoka Ulaya katika karne ya 19, na watu wa leo wametokana na waanzilishi wachache. Watafiti wa Chicago wameifuatilia jamii hii kwa miongo mingi, hivyo nasaba yao imeandikwa kwa kina. Faida yake ni kwamba tofauti za vinasaba ni chache na zinajulikana vizuri. Gharama yake ni kwamba wengi wao ni ndugu, na hesabu za takwimu lazima zizingatie undugu huo, la sivyo utadhani umegundua athari ya jeni kumbe umeona ukoo mmoja ukijirudia.

Seli za kila mtu ziligawanywa katika hali tano: bila dawa, na kwa viwango vya mikromola 0.625, 1.25, 2.5 na 5. Baada ya saa 24 RNA ilitolewa na kusomwa. Sampuli zilizopatikana zilizidi mia mbili.

Kusoma RNA ni kuhesabu. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala zake za RNA. Jeni isiyofanya kazi haitoi, au hutoa kidogo sana. Mashine husoma vipande mamilioni vya RNA iliyogeuzwa kuwa DNA, programu huvirudisha kila kimoja kwenye jeni kilikotoka, na mwisho unabaki na jedwali kubwa: safu za jeni, nguzo za sampuli, na namba katika kila kisanduku. Kazi yote inayofuata hufanywa juu ya jedwali hilo.

Hapo pana mtego ambao watu wengi wanaosoma tafiti za namna hii hawauoni, nao unaihusu doksorubisini kuliko dawa nyingi. Molekuli yake hujipenyeza katikati ya ngazi za DNA, na hilo huweza kuzuia utengenezaji wa RNA kwa ujumla. Tuseme seli zenye dozi kubwa zinatoa nusu tu ya RNA ya kawaida. Mashine haitakwambia hivyo, kwa sababu huchukua kiasi kinacholingana cha RNA kutoka kila sampuli kabla ya kusoma. Ukichota kikombe kimoja cha mchele kutoka kila gunia, hutajua gunia lipi limebaki nusu. Unachokiona ni uwiano tu. Matokeo yake, jeni ambayo RNA yake hudumu muda mrefu bila kuvunjika itaonekana imepanda ilhali haijatengenezwa nakala hata moja mpya, na jeni ambayo RNA yake huvunjika haraka itaonekana imezimwa makusudi. Kwa dawa inayogusa DNA yenyewe, ukiambiwa jeni fulani imepanda, uliza kwanza imepanda ukilinganisha na nini.

Pana suala la bahati pia. Ukipima jeni 12,000 moja moja na kukubali kosa la asilimia 5 kwa kila kipimo, jeni 600 zitaonekana zimebadilika hata kama dawa haikufanya lolote. Ndiyo maana wachambuzi hudhibiti kiwango cha matokeo ya uongo katika orodha nzima badala ya kuitazama kila jeni peke yake. Vilevile sampuli hupangwa ili wenye dozi na wasio na dozi wasitengane kwa siku ya kazi au kwa fundi aliyezishika. Kama seli zote zisizo na dawa ziliandaliwa Jumatatu na zenye dawa Alhamisi, hakuna hesabu itakayokuonyesha kipi kilitoka kwenye dawa na kipi kilitoka kwenye Alhamisi.

Sasa matokeo. Zaidi ya nusu ya jeni zilizopimwa zilibadilika. Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu hapa ndipo tafiti nyingi dhaifu husimama zikitangaza ushindi. Seli imewekewa sumu inayokata DNA kwa siku nzima. Jeni zinazoongozwa na protini ya p53, mlinzi wa DNA iliyoharibika, zinatarajiwa kuwaka. Jeni za mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinatarajiwa kuyumba. Unapobadilisha karibu kila kitu, orodha ya vilivyobadilika haikwambii kipi kiliua seli na kipi ni vumbi la nyumba iliyobomoka. Naamini orodha ya jeni zilizobadilika ndiyo sehemu isiyo na thamani kubwa katika kazi nzima, ingawa ndiyo inayochorwa kwa rangi nzuri zaidi kwenye makala za sayansi.

Jambo ambalo halikutarajiwa sana lilihusu ukataji wa RNA. Kabla RNA haijatumika, seli huondoa vipande visivyohitajika na kuunganisha vinavyobaki. Jeni zaidi ya 6,000 zilionyesha dalili kwamba ukataji huo ulibadilika kwa sababu ya dawa, na watafiti walipochunguza waliona chanzo kikubwa ni usahihi kupungua: mitambo ya seli ilianza kukata mahali pasipofaa. Seli haikuwa imechagua matoleo mapya ya protini zake. Ilikuwa inakosea zaidi. Nakiona kipengele hiki kuwa cha maana, kwa sababu mtu akihesabu jumla ya RNA ya kila jeni bila kutazama umbo lake, uharibifu huu wote unapita bila kuonekana.

Kiini cha kisa kiko kwenye nguzo za jedwali, yaani watu, kuliko kwenye safu za jeni. Pamoja na RNA, watafiti walipima troponini iliyovuja kutoka kwenye seli kwenda kwenye maji ya kuoteshea. Troponini ni protini ya misuli ya moyo, ile ile inayopimwa kwenye damu ya mtu anayefika hospitali akilalamika maumivu ya kifua. Seli ikipasuka, inatoka. Kwa dozi ile ile, seli za baadhi ya watu zilivuja sana na za wengine kidogo. Na namna jeni za mtu zilivyoitikia dawa ilitabiri kiasi cha uharibifu wa seli zake. Hapo udhihirisho wa jeni unaacha kuwa picha ya sumu na kuwa kipimo cha mtu.

Kisha wakatafuta sababu ya tofauti hizo kwenye DNA. Chukua mahali pamoja kwenye kromosomu ambapo baadhi ya watu wana herufi A na wengine G. Bila dawa, jeni iliyo jirani inatoa RNA sawa kwa wote. Weka dawa, na kwa wenye A jeni hiyo inapanda huku kwa wenye G ikibaki palepale. Tofauti hiyo ya herufi ilikuwepo tangu kuzaliwa, ila haikuwa na la kufanya mpaka dawa ilipofika. Watafiti walipata sehemu 447 za aina hii zinazogusa kiasi cha RNA, na 42 zinazogusa ukataji wake. Watu 45 ni wachache mno kwa utafiti wa kawaida wa vinasaba. Kilichowaokoa ni kwamba kila mtu alikuwa mlinganisho wa nafsi yake katika dozi tano. Hakuna aliyekuwa na shinikizo la damu ndani ya sahani, hakuna aliyepigwa mionzi, hakuna aliyekosa dozi kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki.

Swali la haki ni kama seli za kwenye sahani zinafanana na mgonjwa. Majibu yapo mawili. La kwanza linatoka kwenye utafiti huo huo: sehemu walizozipata ziliangukia zaidi kwenye maeneo ya DNA ambayo tafiti za wagonjwa halisi zilikuwa zimeyahusisha na madhara ya moyo, kuliko ambavyo bahati ingeruhusu. La pili lilitangulia, mwaka 2016, kutoka kwa Paul Burridge, Joseph Wu na wenzao. Walichukua seli za wanawake wanne waliopata saratani ya matiti na mioyo yao ikaumia kwa doksorubisini, wanne waliopewa dawa hiyo mioyo ikabaki salama, na wanne wasiougua. Seli za moyo zilizotengenezwa kutoka kwa wale walioumia zilikufa kwa urahisi zaidi maabara, mitokondria zao zilifanya kazi vibaya zaidi, na usimamizi wao wa kalsiamu uliharibika. Kwa macho yangu huo ni ushahidi wenye uzito: moyo ulioshindwa kifuani mwa mtu ulishindwa tena kwenye sahani, kutoka kwenye seli ambazo hazikuwahi kuwa moyo.

Utaratibu wenyewe wa sumu umekuwa ukibadilika machoni pa wanasayansi. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa oksijeni kali inayotokana na dawa ikikutana na madini ya chuma. Dawa za kuondoa oksijeni hiyo zilijaribiwa kwa wagonjwa na hazikutoa kinga iliyotumainiwa. Mwaka 2012 timu ya Edward Yeh ilionyesha njia nyingine. Doksorubisini hushika vimeng'enya vinavyofungua mikunjo ya DNA, ambavyo kwa binadamu ni viwili: TOP2A, kinachotawala kwenye seli zinazogawanyika kama za saratani, na TOP2B, kilichopo kwenye seli za moyo ambazo hazigawanyiki. Panya walioondolewa TOP2B kwenye misuli ya moyo walikingwa. Na ushahidi mmojawapo muhimu wa kazi hiyo ulikuwa udhihirisho wa jeni: kwa panya wa kawaida, dawa ilishusha jeni zinazosimamia utengenezaji wa mitokondria, na kwa panya wasio na TOP2B kushuka huko kulizuiwa. Oksijeni kali basi huenda ni matokeo ya mitokondria kuharibika, kabla ya kuwa sababu ya mengine.

Saa 24 ni muda mrefu kwa seli iliyotiwa sumu. Ukitaka kujua nini kilitangulia nini, lazima uangalie mapema. Hilo lilifanywa na kundi la Michelle Ward huko Galveston, Texas, lililochapisha mwaka 2024. Walitumia seli za wanawake sita wenye afya, wakapima baada ya saa 3 na baada ya saa 24, na wakalinganisha doksorubisini na ndugu zake daunorubisini na epirubisini, pamoja na mitoksantroni na trastuzumab. Jeni zilizoitikia mapema zilikuwa zaidi zile zinazosimamia kromatini, yaani ufungaji wa DNA wenyewe. Na hawakuona alama ya pekee ya dawa moja: zile nne zinazoshika vimeng'enya vya TOP2 ziliitikisha seli kwa njia inayofanana, huku trastuzumab ikibaki kando, isiue seli. Kwa daktari anayefikiria kumhamisha mgonjwa kutoka doksorubisini kwenda epirubisini akitumaini njia tofauti ya sumu, haya ni maelezo ya kutiliwa maanani, ingawa dozi na kikomo cha kila dawa kwa binadamu ni jambo lingine.

Udhaifu wa kisa hiki uko wazi, na sioni sababu ya kuufunika. Seli za moyo zinazotokana na seli shina ni changa, zinafanana zaidi na za mimba kuliko za mama wa miaka hamsini. Zinapenda sukari kama chakula, wakati moyo wa mtu mzima hutegemea zaidi mafuta, na kwa sumu inayoshambulia mitokondria tofauti hiyo si ndogo. Ziko peke yake, bila mishipa ya damu, bila seli za kinga. Zilipata dawa mara moja kwa siku nzima, ilhali mgonjwa hupata kiwango kikubwa kwa dakika chache, kinashuka haraka, kisha anarudi baada ya wiki kadhaa.

Udhaifu wa nne unatuhusu moja kwa moja. Tofauti 447 zilizopatikana ni zile zilizopo kwa watu 45 wa asili ya Ulaya wanaotokana na ukoo mdogo. Tofauti iliyo ya kawaida Mwanza au Kitui lakini haipo kwa Wahutterite haikuweza kuonekana, hata kama ingekuwa na nguvu kuliko zote. Afrika ina utofauti wa vinasaba mkubwa kuliko bara lingine lolote, kwa hiyo pengo hili haliwezi kuitwa dogo.

Pana mfano wa kile kinachoweza kutoka kwenye kazi ya namna hii ikifika mwisho wake. Mwaka 2015 Folefac Aminkeng na wenzake, wakichunguza watoto waliotibiwa kwa doksorubisini na ndugu zake, walipata badiliko kwenye jeni ya RARG ambalo wenye nalo waliumia moyo zaidi. Protini ya kawaida ya RARG husaidia kuizuia jeni ya TOP2B isitoe RNA nyingi. Iliyobadilika huizuia kidogo. Mwaka 2021 kundi la Burridge, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, lilisahihisha badiliko hilo kwenye seli za wagonjwa kwa kuhariri DNA, na seli za moyo zikastahimili dawa vizuri zaidi. Lilipotumia kemikali inayoichochea RARG, panya walipata kinga. Kutoka herufi moja ya DNA hadi dawa inayoweza kujaribiwa, hiyo ndiyo njia, na ni ndefu.

Kwa mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha dripu wiki hii, kinachopatikana ni vitu visivyo vipya: jumla ya dozi iandikwe na ihamie naye akihama hospitali, eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ifanyike kabla ya dozi ya kwanza na irudiwe, shinikizo la damu litibiwe, na pale inapohitajika na kupatikana, deksrazoksani, dawa ya kukinga moyo inayogusa TOP2B hiyo hiyo.

Kwa watafiti wetu, makala ya eLife inasomwa bure na takwimu za RNA ziko wazi kwa umma. Mwanafunzi wa Muhimbili au Makerere mwenye kompyuta ya wastani anaweza kuanza na jedwali la hesabu na kulichambua upya. Kile ambacho hawezi kukipakua ni sampuli za wanawake wa hapa waliopewa doksorubisini, zikiambatana na jumla ya dozi ya kila mmoja, eko ya kabla na ya baada, na mililita chache za damu zilizohifadhiwa kwa ridhaa yao. Hizo zitatoka kwenye kliniki zetu, na zinaweza kuanza kukusanywa na wagonjwa watakaofika wiki ijayo.